Lenzi ya Kuvuta Mbali: Soma Hii Kwanza Kabla Utume Ile Doh

Kama ulianza kupiga picha na ile lenzi ndogo iliyokuja na kamera, kuna siku inafika. Umesimama nyuma ya kanisa, bwana na bibi harusi wanavishana pete, na kwa skrini yako wanakaa kama njiti mbili za kiberiti. Ama uko uwanjani, mchezaji anafunga bao la mwaka, na picha yako ni ekari nzima ya nyasi na ka-mtu flani hapo katikati. Usiku huo ukilala unawaza kitu moja tu: lazima nitafute lenzi ya kuvuta.

Shida inaanza ukiuliza watu. Weka swali kwa grupu yoyote ya wapiga picha na kabla chai ipoe utakuwa na majibu ishirini. Mmoja anasema chukua sabini-mia mbili, zingine ni takataka. Mwingine anasema ako na mia tatu anauza, bado mpya, unaweza kutuma doh leo. Wa tatu anasema hiyo kamera yako ndio mbaya, ubadilishe kwanza. Wote wanaongea kama wanajua kazi yako, na hakuna hata mmoja ameuliza unapiga nini, saa ngapi, ukisimama wapi.

Hayo maswali matatu ndio yanaamua. Lakini wacha tuanze na namba, juu muuzaji atakurushia namba nyingi na ukikosa kuzielewa utaliwa mchana.

Hizo namba zinasema nini

Chukua lenzi imeandikwa 55-250mm f/4-5.6. Namba mbili za kwanza ni umbali: 55 ni kabla hujavuta, 250 ni ukivuta mpaka mwisho. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kitu cha mbali kinaletwa karibu. Hiyo kila mtu anajua.

Namba za nyuma ndizo watu huruka, na hapo ndipo doh yote huwa imejificha. Hiyo f/4-5.6 inaonyesha mlango wa mwanga unafunguka hadi wapi, na inahesabiwa kinyume: namba ndogo, mlango mkubwa. Kwa hii lenzi, ukiwa 55 mlango unafunguka hadi f/4, lakini ukivuta hadi 250 unakuwa umejibana hadi f/5.6. Lenzi ikiandikwa f/2.8 peke yake, inabaki f/2.8 kutoka mwanzo mpaka mwisho wa kuvuta. Kuunda kitu kama hicho kunahitaji vioo vikubwa, na vioo vikubwa ni vizito na ni ghali. Ndio maana lenzi mbili zinaweza kufika 200 zote, moja inatoshea kwa mfuko wa jaketi na nyingine inahitaji begi lake.

Sasa tofauti ni kiasi gani? Kutoka f/2.8 kwenda f/4 unapoteza nusu ya mwanga. Kutoka f/4 kwenda f/5.6 unapoteza nusu tena. Kwa hivyo msee wa f/5.6 anapiga na robo tu ya mwanga anaopata msee wa f/2.8, wakiwa wamesimama mahali pamoja.

Robo inasikika kama hesabu ya darasani hadi uingie kanisani. Tuchukue kanisa la kawaida la mtaa, mapazia yamefungwa vizuri, taa tatu zinaning'inia na moja imeungua. Tuseme umeweka ISO 1600 na kwa f/2.8 unapata spidi ya shata ya 1/125. Watu wakisimama wametulia, picha iko. Weka lenzi ya f/5.6 na ISO hiyo hiyo: spidi inashuka hadi 1/30. Pasta akiinua mkono, mkono unakuwa moshi. Bibi harusi akigeuka kumcheki mamake, uso unakuwa uji. Ili urudi 1/125 itabidi upandishe ISO hadi 6400, na kwa kamera nyingi za bei ya chini hapo ndipo zile chembechembe zinaanza kumwagika kwa ngozi ya mtu kama mchanga.

"Si niwashe flashi?" Jaribu. Kwanza kuna wachungaji hawataki kuiona kabisa wakati wa viapo. Pili, ukiwa mita kumi na tano nyuma, ile flashi ndogo ya kamera haifiki popote. Inamulika kisogo cha shangazi wa safu ya mwisho.

Kuhusu ile mashini ya kutuliza mkono

Hapa wengi wanachanganyikiwa. Canon wanaiita IS, Nikon wanaiita VR, Tamron VC, Sigma OS. Kazi yake ni moja: kusawazisha mtetemo wa mkono wako. Wazee wa hii kazi wana sheria yao, kwamba spidi ya shata isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Ukivuta 250, angalau 1/250, na kwa kamera za sensa ndogo uongeze, twende 1/400. Ukiwa na hiyo mashini unaweza kushuka chini ya hapo sana na jengo au mlima ukatoka safi.

Lakini inakutuliza wewe, haimtulizi unayempiga picha. Winga anayekimbia, mtoto anayeruka, densa kwa jukwaa, hao wote wanahitaji spidi ya kweli: 1/500 na kupanda, na kwa mpira 1/1000 ndio raha. Kwa hivyo kama kazi yako ni mechi za usiku, usidanganywe na herufi za IS zilizoandikwa kwa rangi. Kama kazi yako ni vitu vilivyotulia, au ni video za kushika mkononi, hiyo mashini ni dhahabu.

Mbali ni wapi hasa?

Watu hununua 600 ndio wapige kitu kiko mita kumi. Tufanye hesabu kidogo, haitauma.

Kamera nyingi za kuanzia, kama Canon 2000D, 250D au 90D, zina sensa ndogo. Canon yao inazidisha kwa 1.6, Nikon na Sony zao ni 1.5. Maana yake lenzi ya 250 kwa Canon ndogo inakuonyesha kipande kile kile ambacho kamera ya sensa kubwa, zile fulu-fremu kama 6D na 5D, ingehitaji 400 kukionyesha. Kwa kuvuta mbali, sensa ndogo ni rafiki yako. Ni kwa giza ndio inakuangusha.

Kwa hiyo Canon ndogo, ukiwa na 200 na kitu kiko mita 50, fremu yako inabeba upana wa mita tano na nusu hivi. Ukiwa na 250, ni kama mita nne na nusu. Ukiwa na 300, mita tatu na robo tatu. Ukiwa na 600, chini kidogo ya mita mbili.

Sasa peleka hiyo hesabu kazini. Simba aliyelala mita 50 kutoka barabara ya Nairobi National Park, kwa 250 anachukua karibu nusu ya fremu. Hiyo ni picha tamu, hasa majengo ya tao yakionekana huko nyuma. Ndege mdogo wa sentimita 20 akiwa mita 15, kwa 250 anakuwa sehemu moja ya saba ya fremu, yaani utabaki kukata picha mpaka ibaki pikseli za kuhesabu. Huyo ndege anataka 600.

Mpira? Ukikaa nyuma ya goli, mstari wa eneo la penalti uko mita 16.5. Kwa 70 fremu inabeba mita tano na kitu, unapata kipa na straika pamoja. Mstari wa katikati kwa uwanja wa mita 105 uko mita 52.5 kutoka hapo, na kwa 200 mchezaji anajaza chini kidogo ya nusu ya urefu wa fremu. Inatosha. Mambo ya maana hutokea karibu na goli anyway.

Harusi? Mita 15 kutoka madhabahu na 200, unapata nyuso mbili na mikono, mita moja na nusu hivi ya upana. Huhitaji zaidi ya hapo. Kinachokusumbua kwa harusi ni upande ule mwingine: mkiingia sebuleni kwa kina bibi harusi na lenzi inaanzia 70, mtu akiwa mita tatu fremu ina upana wa mita moja tu. Ukoo wote umejipanga kwa kochi na wewe unapata mjomba peke yake. Kwa hivyo lenzi ya kuvuta haichukui nafasi ya ile ndogo, inaongezea. Usiuze ya kwanza ndio ununue ya pili.

Sasa tuingie sokoni

Nitaongea sana za Canon za EF juu ndizo zimejaa mtaani, za mtumba na za duka, kisha tuguse Nikon.

Ya kwanza utakayoonyeshwa ni EF 75-300mm f/4-5.6 III. Ni ya 1999, bado inazunguka, na mara nyingi hufungwa pamoja na kamera kama zawadi. Muuzaji atakuambia, "Hii inafika mia tatu, kubwa kuliko hiyo ya mia mbili hamsini." Ni kweli inafika. Lakini haina mashini ya kutuliza mkono, fokasi yake ni ya kelele na ya pole pole, na ukivuta mpaka mwisho picha inalainika kama mandazi ya jana. Mbele yake pia huzunguka ikifokasi, kwa hivyo filta za kupunguza mng'ao zinakuwa kazi. Kama umepewa bure, asante, tumia mchana wa jua kali na usivute hadi mwisho. Kununua na doh yako? Zii.

Ya pili ni EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM, ya 2013. Hii kwangu ndiyo ya kwanza kufikiria kwa mtu ako na kamera ndogo na bajeti ndogo. Gramu 375, nyepesi kuliko chupa ya soda ya nusu lita. Ina IS, fokasi yake ni kimya hivi kwamba hata video haichukui kelele, na picha zake ni kali kuliko bei yake. Angalia tu iandikwe STM mwishoni, juu kuna zilizotangulia zinazofanana nayo kwa jina na fokasi yao si kama hii. Na ujue EF-S haiingii kwa 5D wala 6D. Ukiwa na mpango wa kuhamia fulu-fremu mwaka ujao, hiyo ni kitu ya kupiga hesabu sasa.

Kuna EF 70-300mm f/4-5.6 IS II USM ya 2016. Hii ni ndugu tajiri: fokasi ya haraka sana, IS nzuri, inaingia kwa sensa ndogo na kubwa, na iko na kaskrini kadogo juu ya mwili wake. Gramu 710. Kwa mtu wa safari za wikendi, michezo ya shule ya mchana, mbio za Iten, hii ni fiti kabisa. Ila mlango wa mwanga ni ule ule wa 55-250. Usiku haikusaidii zaidi, na hapo ndipo watu huhisi wamechezwa.

Halafu zinaingia zile nyeupe.

EF 70-200mm f/4L USM pia ni ya 1999 kama ile 75-300, lakini hawa wawili hawajuani. Ni gramu 705, picha kali kona hadi kona, fokasi kama umeme, na haiongezeki urefu ukivuta. Toleo la kwanza halina IS; la 2006 na la 2018 zina IS na zina bei ya kuendana. Ile ya zamani isiyo na IS ndio siri ya mtaa: kwa mtumba mara nyingi utaipata kwa bei ambayo mtu haamini ni lenzi nyeupe. Kwa michezo ya mchana ambapo spidi yako iko 1/1000 hata hivyo, IS ungeizimia nini? Kwa kanisa lenye giza, hapana, itakutoa jasho.

Na sasa bazu mwenyewe, 70-200mm f/2.8. Ya Canon ya IS II ilitoka 2010, na huko Marekani bei yake ya uzinduzi ilikuwa dola 2,499. Ile 55-250 STM ilizinduliwa kwa dola 350 hivi. Yaani moja inanunua saba za nyingine. Hii ndio utaona kwa bega la kila msee wa harusi kubwa na kila mwanahabari wa michezo, na hawajaibeba kwa luku. Inapiga kanisani, inapiga ukumbini, inapiga mechi ya jioni, na ile nyuma ya picha inayeyuka vizuri mteja anadhani umemhariri.

Uzito sasa. Gramu 1,490, bila kamera. Ongeza 2000D ya gramu 475 na umefika karibu na pakiti ya unga ya kilo mbili. Chukua hiyo pakiti, ishike mbele ya uso wako kwa dakika tano, kisha ufikirie kuifanya kutoka kuchukuliwa kwa bibi harusi mpaka keki ikatwe. Kuna watu wameinunua na sasa inakaa kwa keja wakienda kazi na lenzi nyepesi.

Kama ni f/2.8 unataka na doh haifiki Canon, Tamron wana 70-200 G2 ya 2017 na Sigma wana yao. Zote zina mashini ya kutuliza na hushuka bei vizuri kwa mtumba. Mteja hajawahi kuuliza lenzi ilikuwa ya kampuni gani, ataangalia kama macho yake yako wazi.

Wa wanyama na ndege, wewe meza yako ni tofauti. Canon EF 100-400mm f/4.5-5.6L IS II ya 2014 ni tamu na ni ghali. Sigma 150-600 ile ya Contemporary, ya 2015, na Tamron 150-600 ndizo zimefanya watu wa kawaida wafike 600. Karibu kilo mbili kila moja, na ukifika mwisho mlango ni f/6.3, kwa hivyo hizi ni za jua. Usijaribu nazo harusi, utafukuzwa na usher. Kitu kimoja cha bure: kwa gari la safari, mwambie dereva azime injini, kisha weka lenzi juu ya mfuko wa kitambaa uliojaa maharagwe hapo dirishani. Maharagwe yanashinda stendi nyingi za miguu mitatu. Na saa sita mchana nyika ikianza kutoa mvuke na kila kitu cha mbali kinacheza cheza, weka kamera chini ukule. Hiyo ni hewa ya moto, hakuna lenzi ya kuirekebisha.

Kuna jamaa atakuambia ununue kipande cha kuongezea, kile cha kuzidisha kwa 1.4 au 2, badala ya lenzi ndefu. Kipande cha 1.4 kinakula nusu ya mwanga, cha 2 kinakula robo tatu. Vya Canon haviingii kabisa kwa 55-250 wala 75-300, mbele yake kuna kioo kimetokeza kingegonga. Kwa 70-200 f/2.8 kinaleta maana. Kwa zingine, waachie.

Wa Nikon, shikeni hapa

Nikon wamewekea watu mitego miwili, na yote inauma baada ya doh kwenda.

Wa kwanza: AF-P DX 70-300mm. Ni lenzi nyepesi, kali, kimya. Lakini ziko mbili zinafanana kama pacha, moja ina VR na nyingine haina, na tofauti ni herufi mbili tu kwa jina. Soma mwili wa lenzi mwenyewe, usisome tangazo. Na hizi AF-P hazifanyi kazi na kamera za zamani. Ukiwa na D3100 au D90 haitafokasi kabisa, hata ukizungusha kwa mkono, juu fokasi yake inategemea kamera kuiamrisha na hizo kamera hazijui lugha hiyo.

Wa pili: AF 80-200mm f/2.8D. Utaiona ikiuzwa kwa bei ya kuvutia na imeandikwa f/2.8, unaanza kusikia malaika. Haina mota yake ya fokasi, inategemea mota ya kamera. Familia ya D3000 zote, mpaka D3500, na D5000 zote mpaka D5600, hazina hiyo mota. Utakuwa unafokasi kwa mkono mechi nzima. Kwa D7100 au D7200 hakuna shida, inakimbia.

Wa kamera mpya zisizo na kioo ndani, za Canon R, nyinyi mna bahati moja: lenzi zote za EF zinaingia kwa adapta na hazipotezi mwanga. Kinyume chake hakiwezekani, lenzi ya RF haiingii kwa 2000D hata uombe. Kuna RF 100-400mm f/5.6-8 ya 2021, gramu 635, nyepesi ajabu kwa 400. Cheki hiyo f/8 lakini. Ni ya mchana, na mchana huku kwetu tunao mwingi.

Ukinunua ya mtumba

Kutana na muuzaji mahali pa watu, dukani au kwa moli, na uende na kamera yako. Deposit ya "nikushikie" kabla hujaona kitu, usitume. Hata akisema kuna mwingine anakuja saa nane. Aende naye.

Beba tochi ndogo. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma na uangalie ndani kwa mbele. Vumbi kidogo si neno, kila lenzi inayo. Unatafuta kitu kama utando wa buibui au mizizi myeupe: hiyo ni kuvu, na lenzi zilizokaa Pwani au ndani ya begi lenye unyevu huipata sana. Ikishaanza inakula kipako cha kioo, na kusafishwa kwake si kazi ya mtu na kitambaa. Ukiiona, rudisha vifuniko na useme asante.

Kisha zungusha ile ya kuvuta mpaka mwisho na kurudi. Ikikwaruza kama kuna mchanga, kuna mchanga. Angalia pete ya mbele pale filta inaingia. Ikiwa imebonyea, ilianguka, hata muuzaji aape. Ifunge kwa kamera yako, vuta mpaka mwisho, piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama sawa kabisa, kisha ukuze picha kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu na zingine tatu ni safi, vioo vya ndani vimekaa vibaya. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi haraka haraka. Washa IS na usikilize: kamlio kadogo ni kawaida, kugonga gonga si kawaida.

Na uandike namba ya siri ya lenzi na jina la muuzaji, umwombe risiti hata ya mkono, ulipe kwa njia inayoacha rekodi. Vifaa vya kamera huibwa sana, na mwenyewe akitokea na boksi lenye namba hiyo, wewe ndiye utakuwa unaeleza.

Kama bado hujui

Kodisha. Tao kuna wasee wanakodisha lenzi kwa siku, watataka kitambulisho na deposit ama mtu wa kukudhamini. Chukua 70-200 f/2.8 kwa harusi moja, uweke ndani ya bei ya mteja. Wiki inayofuata chukua f/4. Kisha kaa chini na picha zako, programu nyingi za kuhariri zinakuonyesha kila picha ilipigwa kwa urefu gani na mlango gani. Ukikuta picha zote ulizompa mteja ziko kati ya 70 na 135, hiyo 600 ulikuwa unaota ya nini? Ukikuta zote ziko f/2.8 na ISO bado iko juu, jibu unalo.

Hesabu ya doh ni hivi. Chukua bei ya lenzi, gawanya kwa kile unachobakia nacho kwa kazi moja baada ya nauli, msaidizi na chakula. Hiyo ndiyo idadi ya kazi utafanya bure. Ikiwa ni kazi kumi na uko na nne kwa mwezi, nunua. Ikiwa ni arobaini na unapata moja kwa mwezi, kodisha kila mara, na usiguse mkopo wa simu kwa hii maneno. Mkopo unadai kila mwezi, harusi zinajaa Agosti na Disemba.

Ukikodisha, kagua lenzi hapo hapo kaunta mbele ya mwenyewe, na upige picha ya kila mkwaruzo kwa simu kabla utoke mlangoni. Uliza kama bei inajumuisha kile kikofia cha mbele cha kuzuia jua, juu wakati wa kurudisha kitahesabiwa. Na kama unaielekeza Naivasha kwa Safari Rally, ile iliyorudi kwa mashindano ya dunia mwaka wa 2021, weka lenzi moja ukiwa bado ndani ya gari na usiitoe mpaka jioni. Lile vumbi laini la Kedong huingia popote, na lenzi zinazorefuka ukivuta hulivuta ndani zenyewe kama pampu. Beba mfuko wa plastiki, raba bendi mbili, na brashi laini. Simama upande upepo unakotoka, gari likipita vumbi lende kwa wale wengine.